Mama, Unaweza Kumsaidia Mwanao Somo la Takwimu

Wengi wetu akina mama hatuna raha mtoto anapoleta daftari la Hisabati na kutuomba msaada. Kusoma na kuandika tunamsaidia bila wasiwasi. Kujumlisha na kutoa vilevile, maana kila siku tunakwenda sokoni. Lakini akifika madarasa ya juu ya shule ya msingi, akafungua ukurasa wenye nguzo ndefu na fupi, vijisanduku vingi na duara lililokatwa vipande kama mkate, tunarudi nyuma. "Msubiri baba yako," tunamwambia, au, "Kamwulize mwalimu kesho." Baba anarudi usiku amechoka. Mwalimu ana darasa lililojaa. Basi mtoto anakariri namna ya kuchora nguzo bila kujua nguzo zile zinasema nini, na baada ya mtihani anasahau yote.

Somo hilo ndilo liitwalo takwimu. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mama yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki amekwisha kukutana na grafu, tena grafu yenye uzito kuliko nyingi zilizomo vitabuni. Kwa daftari, kalamu na mambo ya nyumbani mwake anaweza kumfundisha mwanawe misingi yote: kukusanya habari, kuzipanga, kuzichora na kuzisoma.

Grafu iliyomo kabatini mwako

Itoe ile kadi ya kliniki ya mtoto wako mdogo. Pengine umeihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ifungue mahali penye mistari iliyopinda. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, imeandikwa miezi ya umri wa mtoto. Pembeni, kutoka chini kwenda juu, zimeandikwa kilo. Kila mwezi muuguzi alipomtundika mtoto kwenye mizani na kusoma uzito wake, aliutafuta mwezi huo kule chini, akapanda nao mpaka kwenye kilo zile, akatia nukta. Mwezi uliofuata akatia nukta nyingine, kisha akaziunganisha kwa mstari. Hiyo ndiyo grafu ya mistari anayofundishwa mwanao shuleni. Hakuna tofauti yoyote.

Aliyeipa kadi hiyo sura tunayoijua ni daktari wa watoto kutoka Uingereza, David Morley, aliyefanya kazi magharibi mwa Nigeria tangu miaka ya 1950, katika hospitali ya misheni ya Wesley Guild mjini Ilesa na katika kijiji cha Imesi-Ile. Alitaka jambo ambalo siku zile halikuwa la kawaida: kadi akae nayo mama nyumbani, isifungiwe katika makabati ya hospitali. Akina mama waliitunza vizuri.

Sasa tuangalie kadi inasema nini. Tuseme mtoto wa kike mwenye miezi 9 ana kilo 8.2. Ni uzito mzuri. Akiwa na miezi 10 anapimwa tena: 8.2. Miezi 11: 8.2. Miezi 12: 8.2. Ukimtazama anacheka, mashavu yapo, na jirani anakuambia una mtoto mnene. Tena kilo 8.2 kwa mtoto wa kike wa mwaka mmoja si uzito wa kutisha. Wapo wenye afya yao kamili wenye kilo hizo hizo. Kwa hiyo namba hiyo ukiitazama peke yake haina la kukuambia. Lakini unganisha nukta zote nne, utaona mstari umelala kama kamba ya kuanikia nguo, wakati mistari iliyochapwa kwenye kadi inaendelea kupanda. Mtoto huyu hajaongezeka kwa miezi mitatu. Huenda uji anaopewa ni maji matupu. Huenda anaharisha mara kwa mara, au aliachishwa ziwa mapema mno. Jicho la mama anayemwona kila siku ni vigumu kuliona jambo hilo, lakini kwenye kadi linaonekana, tena mapema, kabla mtoto hajakonda.

Hapa tuseme wazi. Mama akirudishiwa kadi bila kuambiwa neno, ana haki ya kumwuliza muuguzi kwa adabu, "Dada, mstari wa mwanangu unaelekea wapi?" Kutia nukta bila kueleza maana yake ni kazi ya nusu.

Mkoani Iringa jambo hili lilifanywa na vijiji vizima. Kuanzia mwaka 1983, kwa msaada wa UNICEF na WHO na fedha za serikali ya Italia, vijiji 168 viliingia katika mpango wa lishe ambao kiini chake kilikuwa kuwapima watoto. Kila baada ya miezi mitatu kulikuwa na siku ya afya ya kijiji. Watoto walio chini ya miaka mitano walipimwa, kisha hesabu ya kijiji ikaletwa mbele ya viongozi wa kijiji wenyewe, wajue ni watoto wangapi wana hali nzuri na wangapi wako hatarini. Wakishaona hesabu, wakaulizana sababu zake, na baada ya sababu wakaulizana la kufanya. Baadhi ya vijiji vilianzisha mahali pa kulelea na kulishia watoto mchana wakati mama zao wako shambani, maana ilionekana kwamba mtoto mdogo anayekula asubuhi na usiku tu hawezi kukua, hata kama ghala limejaa. Watu hao hawakuwa wataalamu wa takwimu. Walikuwa na mizani, karatasi na swali.

Mwanzo ni swali

Neno hilo la mwisho ndilo ambalo vitabu vingi hulipita upesi. Mtoto anapewa namba ambazo hakuzikusanya, kuhusu jambo ambalo halimhusu, kisha anaambiwa achore. Haishangazi anachoka. Nyumbani tunaweza kuanza mahali panapostahili: na jambo ambalo kweli tunataka kulijua na hatulijui.

Tuchukue mfano wa mitaa ambayo maji ya bomba huja kwa zamu. Kila mtu ana maneno yake. Mmoja anasema hutoka Jumanne, mwingine anasema siku hizi hayana siku. Mama naye anataka kujua lini afue na lini ajaze mapipa. Mpe mwanao kazi hiyo kwa wiki 4. Achukue daftari, aandike siku saba za juma zikishuka chini ya ukurasa. Kila siku maji yakitoka, achore kijiti kimoja mbele ya jina la siku. Katika kuhesabu vitu vingi kwa vijiti, vinne husimama na cha tano hukatiza juu yao, kama fito zilizofungwa pamoja, ili baadaye uhesabu kwa matano bila kupotea.

Kabla hajaanza, mkubaliane "maji yametoka" maana yake nini. Yakidondoka kwa dakika tano usiku wa manane, tuandike au tusiandike? Swali hili linaonekana dogo lakini ndilo linalopambanua hesabu ya kweli na maneno matupu. Mkikubaliana kwamba siku inahesabiwa ikiwa tumeweza kujaza angalau ndoo moja, basi kanuni iwe hiyo hiyo mpaka mwisho, aandike dada au aandike kaka.

Jambo jingine. Siku ambayo mtoto amesahau kuangalia, au mlikuwa msibani, asiandike sifuri. Sifuri maana yake tuliangalia na maji hayakutoka. Nafasi tupu maana yake hatukuangalia. Hata kwenye kadi ya kliniki, mwezi ambao hukwenda hautiwi nukta kwa kukisia, unaachwa wazi.

Tena tuwe macho na ugonjwa wa kupika namba. Mwalimu anaweza kuagiza mvua au joto viandikwe kwa siku 30. Mtoto anacheza siku 29, na usiku wa mwisho anajaza ukurasa wote kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, namba zilizopangika vizuri kuliko mvua yenyewe. Mama akiona hivyo asinyamaze kwa sababu eti alama zitapatikana. Afadhali mtoto apeleke siku 12 za kweli na kumwambia mwalimu ukweli. Mtu anayejifunza kupika namba akiwa na miaka 12, kesho ndiye atakayeandika orodha ya dawa za zahanati.

Kupanga na kuchora

Tuseme baada ya wiki 4 daftari linasoma hivi: Jumatatu maji yalitoka mara 1, Jumanne 4, Jumatano 2, Alhamisi 0, Ijumaa 3, Jumamosi 4, Jumapili 1. Jumla ni siku 15 kati ya 28. Hili ndilo jedwali. Tayari mama ana jibu ambalo mtaa mzima hauna: Jumanne na Jumamosi hazijakosa hata mara moja, na Alhamisi usitarajie kitu.

Sasa mtoto achore. Njia ya kwanza ni takwimu kwa picha. Mbele ya kila siku achore ndoo, moja kwa kila mara maji yalipotoka. Ndoo zote ziwe na ukubwa uleule. Watoto wengi hupenda kuchora ndoo moja kubwa sana kwa Jumanne na moja ndogo kwa Jumatatu. Hilo si sahihi, kwa kuwa jicho linashindwa kupima ni kubwa mara ngapi. Namba zikiwa kubwa, ndoo moja inaweza kusimama badala ya mbili au kumi, ila lazima iandikwe pembeni kwamba ndoo moja ni sawa na ngapi.

Njia ya pili ni nguzo. Ukiwa na mtoto mdogo ambaye bado hajui kutumia rula, kusanya viberiti vitupu, uvipange mezani: kimoja kwa Jumatatu, vinne kimoja juu ya kingine kwa Jumanne, na kuendelea. Alhamisi pabaki patupu. Hiyo ni grafu ya nguzo iliyosimama, na mtoto wa miaka sita ataisoma. Yule mkubwa aihamishie kwenye karatasi ya vijisanduku. Nguzo zote ziwe na upana mmoja na zianzie kwenye mstari wa sifuri.

Hili la sifuri tulisisitize, maana ndipo watu wazima hudanganywa. Tuseme darasa moja limepata wastani wa alama 62 na jingine 65. Ukichora nguzo kuanzia sifuri, zitakuwa karibu sawa, na ndivyo ilivyo. Lakini mtu akianza kuchora kutoka 60, nguzo ya kwanza itakuwa na urefu wa hatua 2 na ya pili hatua 5. Mtazamaji ataona darasa moja limelishinda jingine zaidi ya mara mbili. Hakuna namba iliyobadilishwa, na bado mtu amepotoshwa. Mfundishe mwanao akiona grafu gazetini au kwenye tangazo la biashara, kitu cha kwanza atazame kule chini zinakoanzia namba.

Nguzo zinafaa kulinganisha vitu mbalimbali, kama siku za juma. Mstari wa nukta zilizounganishwa, kama ule wa kadi, unafaa kuonyesha kitu kimoja kinavyobadilika kadiri muda unavyopita. Duara tutalifikia tukizungumzia fedha.

Kuna pia neno wastani, ambalo kila mtoto hulikokotoa na wachache hulielewa. Nyumba moja ilitumia madumu ya maji hivi kwa wiki: 4, 4, 5, 4, 5, 16, 4. Jumla ni 42. Gawanya kwa siku 7, wastani ni madumu 6. Lakini angalia: hakuna hata siku moja yaliyotumika madumu 6! Siku ya 16 ilikuwa siku ya kufua, nayo peke yake imeuvuta wastani juu. Zipange namba hizo kutoka ndogo hadi kubwa, 4, 4, 4, 4, 5, 5, 16, na iliyo katikati ni 4. Hiyo ndiyo siku ya kawaida ya nyumba ile. Mtu anayetaka kujua maji ya wiki nzima atumie wastani. Anayetaka kujua kesho asubuhi atahitaji madumu mangapi, aitazame ile ya katikati, isipokuwa kesho iwe siku ya kufua.

Mtaa mmoja wa London

Mtoto akiuliza, "Mama, haya yote ya kazi gani?" msimulie habari ifuatayo. Sisi tunaiona inafaa kuliko mifano mingi ya vitabuni, kwa sababu inahusu kisima, maji na watoto, na kwa sababu kipindupindu tunakifahamu. Mwezi Agosti 2015 kililipuka Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi ya Tanzania.

Mwishoni mwa Agosti 1854 ugonjwa huo uliupiga mtaa wa Soho jijini London. Katika siku chache watu zaidi ya 500 walikufa, wote wakiwa wakazi wa eneo dogo ambalo mtu angelizunguka kwa miguu kwa muda mfupi. Siku zile madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu inayonuka. Daktari mmoja, John Snow, alikuwa na mawazo tofauti: kwamba kinaingia kwa njia ya maji. Hakuwa na jinsi ya kukionyesha kijidudu chenyewe. Akakusanya habari.

Alichukua katika ofisi ya serikali orodha ya watu 83 waliokufa, akatembea kwenda kwenye nyumba zao. Karibu wote waliishi karibu na pampu ya maji ya mtaa wa Broad. Kumi tu walikuwa karibu zaidi na pampu nyingine. Mtu mvivu angeishia hapo na kusema hao kumi ni bahati mbaya. Snow alibisha hodi. Familia za watano kati yao zilimwambia kwamba wao daima walituma watu kuchota kwenye pampu ya Broad, kwa kuwa maji yake waliyapenda zaidi. Watatu wengine walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu hiyo.

Kisha akafanya jambo ambalo tungependa kila mtoto alishike: aliwatafuta pia ambao hawakuugua. Karibu na pale palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535. Waliokufa humo walikuwa 5 tu. Kwa nini? Walikuwa na kisima chao. Palikuwa na kiwanda cha pombe mtaani hapo hapo, na hakuna mfanyakazi wake hata mmoja aliyekufa kwa kipindupindu. Nao walikuwa na kisima chao, na tena walizoea kunywa pombe waliyopewa kiwandani. Upande wa pili, mjane mmoja aliyeishi mbali, sehemu ya Hampstead, alikufa ingawa hakuwa amefika mtaani hapo. Mkokoteni ulimpelekea chupa ya maji ya pampu ya Broad kila siku, kwa sababu aliishi huko zamani na ladha yake aliipenda.

Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu ile uliondolewa. Ni haki kusema kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla ya hapo, kwa kuwa watu wengi walikwisha kukimbia mtaa. Snow alichora pia ramani, ikachapwa mwaka 1855, akiweka kijistari cheusi mbele ya nyumba kwa kila mtu aliyekufa. Vijistari vinarundikana kuizunguka pampu, na mtu asiyejua kusoma anaweza kuonyesha kwa kidole tatizo liko wapi.

Lakini ugonjwa uliingiaje kisimani? Aliyegundua hakuwa daktari, alikuwa mchungaji kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead, wa Kanisa la Mtakatifu Luka. Tena yeye alianza akiamini Snow amekosea, na alitaka kuonyesha hivyo. Aliwajua wakazi kwa majina. Alizunguka nyumba kwa nyumba, nyingine akirudi mara kadhaa, akiuliza nani alikunywa maji gani, siku gani. Kadiri daftari lake lilivyojaa ndivyo alivyolazimika kubadili mawazo. Mwishowe alikuta katika kumbukumbu za vifo habari ya mtoto mchanga wa miezi 5 wa nyumba namba 40, aliyeugua kuhara kabla ya wengine. Mama yake alikuwa amefua nepi kwa maji ya ndoo na kuyamwaga katika shimo la maji machafu mbele ya nyumba. Walipochimba walikuta kuta za shimo zimeoza, na kutoka hapo hadi kisimani ni kama futi 3 tu.

Mama yule alifanya kile ambacho kila mama mwenye mtoto anayeharisha hufanya. Hakuna aliyemwambia shimo lile liko karibu na kisima. Sisi tunapoisimulia habari hii hatuna nia ya kumlaumu. Tunachotaka mtoto aone ni kwamba jibu lilipatikana kwa kuuliza watu vizuri, kuandika waliyosema hata yasiyopendeza, na kuyaweka mahali pamoja ili yaonekane.

Kwa mtu anayeulizwa pia kuna zamu yake. Katika sensa ya Tanzania ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba na kuhesabu watu 61,741,120. Kila mmoja katika namba hiyo alitajwa na mtu fulani mlangoni. Mama anayemficha mtoto mwenye ulemavu karani anapopita, amemwondoa katika hesabu ya madawati na viti vya magurudumu.

Duara la fedha za nyumbani

Tumalizie na grafu ya duara, ambayo watoto huiogopa kwa sababu ya nyuzi zake. Duara zima lina nyuzi 360. Tuseme nyumba imetumia shilingi 60,000 katika wiki: chakula 30,000, nauli 10,000, mkaa 8,000, maji na sabuni 5,000, mahitaji ya shule 4,000, na mengineyo 3,000. Chakula ni nusu ya fedha zote, basi kinachukua nusu ya duara, nyuzi 180. Nauli ni moja ya sita, nyuzi 60. Mkaa nyuzi 48, maji na sabuni 30, shule 24, mengineyo 18. Mtoto azijumlishe, zisipofika 360 kuna mahali amekosea. Ukigawanya 360 kwa 60 unapata 6, kwa hiyo kila shilingi elfu moja ni nyuzi 6, na hesabu yote inakuwa kuzidisha tu. Duara linafaa pale tu sehemu zote zinapokamilisha kitu kimoja. Siku za maji zisichorwe kwa duara ikiwa swali letu ni siku ipi ya kufua. Nguzo zinajibu upesi zaidi.

Lakini hapa tunawasihi akina mama. Duara hilo lina nguvu, na katika nyumba nyingi fedha ndiyo chanzo cha maneno. Mtoto asitumwe kumhoji baba yake alitumia nini njiani. Habari za fedha wazungumze wazazi wawili, watoto wakiwa wamelala, na kwanza mama aandike matumizi yake mwenyewe bila kuficha vocha, kitambaa wala mchango wa kikundi. Kile kipande cha "mengineyo" kikianza kuwa kinene, mkigawanye kwa majina yake. Mume akiona mkewe ameandika ya kwake kwa uaminifu, mara nyingi ataleta ya kwake bila kuombwa. Duara likibandikwa ukutani ili wageni waone nani mbadhirifu, si takwimu tena.

Na lile daftari la maji lisitupwe baada ya wiki 4. Acha liendelee, kwa maana zamu za maji hubadilishwa bila taarifa. Alhamisi ya wiki ya 5 maji yakitoka, mtoto asifute alichoandika mwanzo. Achore kijiti kimoja mbele ya Alhamisi, kisha mdogo wake aweke kiberiti kimoja mahali palipokuwa patupu.